Pasipoti ya Mke wa Muhuri

Madereva wenzake walimwita Muhuri, na jina hilo likamfuata mpaka nyumbani. Lilitokana na pasipoti zake. Wenzake walipokutana kwenye vituo vya malori walionyeshana picha za watoto. Yeye alitoa pasipoti, akalamba kidole, akaanza kufunua ukurasa mmoja mmoja: muhuri huu wa mpaka fulani, huu uligongwa na ofisa mwenye mafua, na huu hapa wino ulikwisha katikati ndiyo maana umekaa upande. Pasipoti yake ya mwisho ilijaa mapema hata akalazimika kuomba nyingine wakati ile ingali hai. Hiyo mpya alivuka nayo mara chache tu, kisha mgongo ukamwambia inatosha, akastaafu.

Kustaafu hakukumtoa kwenye mipaka. Jirani akiwa na ndugu anayetaka kusafiri, humleta kwa Muhuri. Anakaribishwa kiti, Muhuri anavaa miwani, anaitazama pasipoti mbele na nyuma kama mtu anayenunua ng'ombe, kisha anatoa hukumu. Mara nyingi alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomponza. Mtu akiwa sahihi mara nyingi husahau kuuliza.

Mkewe alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alifanya kazi ya uhudumu katika wodi ya wazazi tangu akiwa msichana, akibeba maji, akibadilisha mashuka, akiwashika mikono wanawake wasio na wa kuwashika. Hakuwa mkunga, wala hakujidai kuwa mkunga. Lakini mtaa mzima ulijua kwamba mtoto akizaliwa, siku anayorudi nyumbani anaitwa yeye. Huja, hunawa, hukunja mikono ya gauni, na mtoto aliyekuwa akipasua anga kwa kilio hunyamaza mara tu anapoingia mikononi mwake. Pasipoti alikuwa nayo moja tu. Waliichukua miaka ya nyuma, binti yao wa mwisho alipoolewa nchi ya mbali, lakini safari ile ya harusi ilivunjika, na pasipoti ikabaki kabatini, imefungwa kwenye kitambaa safi. Haikuwa imeonja wino hata mara moja.

Sasa binti huyo alikuwa mjamzito, mimba yake ya kwanza, na haikuwa mimba nyepesi. Mumewe alikuwa muoka mikate kwenye kiwanda, anatoka kazini watu wanapoamka, na huko walikokuwa hawakuwa na ndugu hata wa dawa. Kila alipopiga simu alianza kwa kusema yuko salama na kumaliza kwa kulia. "Mama," alisema siku moja, "mimi bila wewe sitaweza." Basi hapo mambo yakawa yamekwisha. Wazee wakaamua kwenda wote wawili, wakae miezi miwili, mama amlee mzazi na kichanga, na baba, kama mkewe alivyosema kwa utani, abebe mizigo.

Nchi yenyewe haikutaka viza ya kuomba mapema. Mgeni hugongewa muhuri anapofika. Muhuri alifurahi mno kusikia hivyo, maana hayo ndiyo aliyoyazoea. Mkewe ndiye aliyesita. Alikitoa kile kijitabu chake kabatini, akakisogeza karibu na dirisha, akasema kinaonyesha kitakwisha mwezi wa kumi, je, hakuna tatizo?

Muhuri alikichukua, akavaa miwani. Wanaondoka mwezi wa sita, alisema, wanarudi wa nane. Wa kumi uko wapi? Itarudi nyumbani ingali hai. Kisha akasimulia, kwa mara ambayo mkewe alishaacha kuhesabu, jinsi alivyowahi kuvuka mpaka na pasipoti iliyobakiza juma moja, na ofisa akamgongea bila kuinua macho. Mkewe akauliza kama si vizuri wamuulize na mtu wa ndege. Hapo mzee akavimba. Alisema mtu hawezi kupika maisha yake yote halafu akaulize maji yanachemkaje.

Mkewe akakirudisha kijitabu kwenye kitambaa chake. Si kwamba aliridhika. Alikuwa amemwachia yale ya mipaka tangu ujana, kama yeye alivyomwachia yale ya watoto, na mgawo huo ulikuwa umewafikisha hapo walipo bila ugomvi wa maana.

Siku ya safari walifika uwanjani mapema kuliko wafanyakazi wenyewe. Mama amevaa gauni jipya na viatu vinavyombana, mkononi mkoba uliojaa visweta vya mtoto. Walipofika kwenye kaunta, msichana wa shirika la ndege aliwaamkia kwa heshima, akapokea pasipoti zote mbili. Ya Muhuri ilipita. Ya mama aliifungua, akaitazama, akatazama kompyuta, akaitazama tena. Muhuri, aliyekuwa amesoma nyuso za maofisa maisha yake yote, akajua kuna jambo.

Msichana alieleza taratibu, bila dharau. Nchi wanakokwenda inataka pasipoti ya mgeni iwe imebakiza miezi sita kamili, kuhesabu kuanzia siku anayoingia, si siku anayoondoka. Hii ya mama imebakiza minne. Hata kama angekwenda kukaa siku moja tu, asingeruhusiwa kuingia. Angerudishwa na ndege inayofuata, na shirika lingetozwa faini.

Muhuri alianza kwa upole. Akaeleza kuwa wanakaa miezi miwili. Akaeleza kuwa tiketi ya kurudi ipo. Akaeleza habari za mpaka na ile pasipoti ya juma moja. Msichana alimsikiliza mpaka mwisho, na hicho ndicho kilichomuumiza zaidi, kwa sababu mtu anayekusikiliza mpaka mwisho kisha hasogei huna pa kumshika. Akaitwa msimamizi wake, mwanamume mwenye tai, akasema yale yale kwa sauti nzito zaidi. Kila nchi ina masharti yake, alisema, nyingine zinataka miezi sita, nyingine mitatu, nyingine haziulizi, ndiyo maana wasafiri wanaambiwa waangalie kabla ya kukata tiketi. Watu waliokuwa nyuma kwenye mstari wakaanza kutazama saa zao.

Wakasogea pembeni na mizigo yao, wakakaa kwenye benchi la chuma. Muhuri alingoja kusemwa. Alikuwa tayari, hata angeshukuru. Mkewe hakumsema. Alivua kiatu kimoja, akakandakanda vidole, akatazama watu wanavyopita na vigari vya mizigo.

Mwishowe alisema warudi nyumbani. Wakaombe pasipoti mpya, wabadilishe tarehe, waende pamoja. Mkewe akamuuliza pasipoti mpya inachukua muda gani kutoka. Hilo alilijua: ni majuma, pengine zaidi. Na mtoto hangoji ofisi ya mtu.

"Utakwenda wewe," mkewe alisema.

"Mimi niende kufanya nini?"

"Kukaa naye."

"Mke wangu, mimi sijui hata mtoto anashikwa upande gani. Nitakuwa mzigo wa pili."

"Hujui, utajifunza. Hata mimi sikuzaliwa najua." Akavaa kiatu chake. "Mwanangu hawezi kuzaa peke yake kama mtu asiye na kwao. Mmoja wetu anaweza kupita mlango ule. Basi apite."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, lakini Muhuri aliona anavyoukumbatia mkoba wake, na moyo ukamuuma kuliko siku yoyote aliyoikumbuka. Safari hii ilikuwa ya mkewe. Kila kisweta kilichokuwa kwenye mkoba ule alikifuma yeye. Na sasa alikuwa amekwishapiga magoti sakafuni katikati ya ukumbi, anafungua masanduku yote mawili, anatoa mashati ya mumewe na kuingiza nguo za mtoto, kana kwamba yuko chumbani kwake. Suruali ya pili ya kazi gani, alisema, hata akishinda na hiyo hiyo hakuna anayemjua kule.

Alipomaliza kufunga sanduku, alichukua sweta kubwa la mumewe, akalikunja, akalisokota, akamwekea mikononi. Huyu ni mtoto, alisema. Shingo yake haina nguvu, kwa hiyo kiganja kinakaa hapa, daima hapa, hata ukiwa umechoka, hata mlango ukigongwa. Maji yake unayapima kwa kiwiko, si kwa vidole, maana vidole vyako vimezoea spana na havisikii moto. Akilia usimtikise. Mama yake akilia, usimwambie anyamaze. Muhuri alisimama pale, mzee mzima mwenye mvi, akilishika sweta lake kama yai, na watu waliokuwa mstarini wakageuka kuangalia. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto wake mgongoni alitabasamu, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Mara mbili mkewe alimrekebisha kiganja.

Lilibaki jambo moja, simu ya kumwambia binti. Muhuri alimpa mkewe simu. Mkewe akamrudishia. Wewe ndiye uliyehesabu miezi, alisema, mwambie wewe. Hilo ndilo neno pekee la lawama alilolitoa siku ile, na alilitoa kwa upole.

Akamwambia. Upande wa pili akasikia binti yake analia kwa kuvuta pumzi, kama alivyokuwa akilia utotoni. Muhuri alimwacha alie. Alikuwa amekatazwa kumnyamazisha mtu. Kilio kilipopungua, binti alisema, "Basi njoo wewe, baba." Alivyolisema lile neno wewe, Muhuri alisikia alivyokata tamaa, na pia alisikia kwamba kweli anaitwa. Akamuaga mkewe, akapita.

Ndani ya ndege alikaa karibu na kiti kitupu kilichokuwa cha mkewe. Alipewa chakula hakula. Alikuwa akiwaza watoto wake watatu, na mahali alipokuwa kila mmoja wao alipozaliwa. Wa kwanza, alikuwa kwenye foleni ya mizani ya malori. Wa pili, gari lilikuwa limekatika ekseli porini, yeye na utingo wake wanangoja kipuri. Huyu wa mwisho, alikuwa mpakani, amezuiwa kwa sababu ya karatasi ya mzigo, na alipofika nyumbani kitovu cha mtoto kilikwisha kudondoka. Siku zote alihesabu hayo kuwa ni kazi, na kweli ilikuwa kazi, watoto walisoma kwa hayo malori. Lakini hakuwahi kuyapanga hivyo, moja juu ya jingine, mpaka siku ile.

Alipofika, ofisa alifungua pasipoti yake, akagonga, akamrudishia. Muhuri aliitia mfukoni bila hata kuutazama muhuri. Mwenye kumfahamu angejua hapo kwamba mzee hakuwa mzima.

Binti yake aliishi ghorofani, vyumba viwili na jiko, dirisha linalotazama paa la karakana. Alifungua mlango mwenyewe, tumbo limetangulia, miguu imevimba. Alimkumbatia baba yake, na akiwa amemkumbatia akatazama nyuma yake, kwenye ngazi. Alijua hakuna mtu. Macho tu yalimshinda. Muhuri aliliona hilo, akalimeza.

Siku zilizofuata alifanya alichoweza. Alifua, alifagia, alichemsha supu ya kuku mpaka mkwewe akaacha kula kwa adabu na kuanza kula kwa haki. Alimwekea binti miguu kwenye beseni la maji na kuikanda. Mwanzoni walioneana aibu, maana hawakuwa wamezoeana hivyo. Mazungumzo yao ya miaka yote yalikuwa ni salamu, shule na fungua geti. Mkewe alipiga simu asubuhi na jioni. Alikuwa ameshapeleka maombi ya pasipoti mpya. Kwenye ofisi ile, alisimulia, walimpiga picha akiwa amenuna, wakamwambia asicheke, akawaambia wala hakuwa na mpango huo.

Uchungu ulianza asubuhi, mkwewe akiwa bado kiwandani. Muhuri alimshusha binti ngazi kidato kwa kidato, akamfikisha hospitali kwa teksi, na safari nzima alimtazama dereva kwa jicho ambalo madereva wanalijua. Mkwewe aliwakuta huko na unga bado uko kwenye nywele zake. Yeye ndiye aliyeingia ndani. Muhuri akabaki kwenye korido, anakaa, anasimama, anatazama tangazo la kunawa mikono ambalo lugha yake haielewi. Aliogopa. Alikuwa amepita barabara zenye majambazi na madaraja yaliyokatika, na hakuwahi kuogopa namna ile.

Mtoto alikuwa wa kike. Muuguzi alimtoa, akatazama huku na huku, akamkabidhi babu. Kiganja cha Muhuri kilikwenda shingoni chenyewe.

Juma la kwanza nyumbani ndilo lililokuwa gumu. Maziwa yalichelewa, mtoto alilia, mama yake alilia, mkwewe alirudi kazini amechoka hoi. Siku ya kumwogesha mtoto, mke wa Muhuri alikuwa kwenye simu ya video, imeegemezwa kwenye kopo la sukari, anatoa amri. Kiwiko. Hapana, kiwiko. Mgeuze taratibu. Mara mtandao ukakatika, uso wake ukaganda mdomo wazi, na Muhuri akabaki na mtoto anayeteleza na beseni la maji. Akaendelea peke yake, anazungumza na mtoto kwa sauti ya chini, anamweleza kila anachofanya kama alivyokuwa akiwaeleza utingo wapya namna ya kufunga turubai: sasa tunanawisha huku, sasa tunapangusa hapa, usiogope, tumeshika. Mtoto alimkodolea macho na kunyamaza. Simu iliporudi, mkewe alimkuta mtoto keshavikwa nguo.

Mchana mmoja mtoto alipolala, binti alikuwa amelala ubavu kitandani, na Muhuri ameketi sakafuni, ameegemea kitanda. Binti akamuuliza yeye alipozaliwa baba alikuwa wapi. Aliuliza bila ubaya, kama mtu anayeuliza njia.

"Mpakani," Muhuri alisema. "Karatasi ya mzigo ilikuwa na kasoro. Wakanizuia."

"Ulisikitika?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa rahisi, na binti angelipokea.

"Nilikasirika juu ya karatasi," alisema. "Kusikitika kumenijia sasa, mwanangu. Nikimshika huyu, ndio najua nilikosa nini."

Binti aliteremsha mkono kutoka kitandani, akauweka juu ya kichwa cha baba yake, na ukakaa hapo mpaka akalala. Muhuri alikufa ganzi miguu yote miwili asithubutu kusogea.

Pasipoti mpya ilitoka. Mkewe alimsomea kwenye simu tarehe ya mwisho, miaka mingi mbele, na Muhuri akamwomba, kwa sauti ndogo ambayo mkewe hakuizoea, aende kumuuliza na mtu wa ndege. Mkewe alisema alishauliza. Wawili tofauti.

Siku aliyowasili mama yake, binti alitaka kwenda uwanjani akazuiwa na baba yake, bado hana nguvu, apumzike. Lakini mtoto alimpa baba aende naye. Mkwewe aliwapeleka, akabaki nje na gari. Muhuri alisimama kwenye kizuizi cha wanaopokea wageni, mjukuu amemlaza begani, tayari anayumba naye kidogo kidogo bila kujua kuwa anayumba. Milango ilifunguka na kujifunga. Watu walitoka, wakakumbatiwa, wakaondoka. Kisha akatoka yeye, na gauni lile lile na viatu vile vile vinavyombana, anasukuma kigari kilichojaa kupita kiasi.

Muhuri alimwendea haraka. Alikuwa ameipanga saa hii tangu siku ya benchi la chuma. Alimshusha mtoto begani, akamlaza kwenye mikono yote miwili, kiganja shingoni, akamnyooshea mkewe kama mtu anayerudisha kitu kwa mwenyewe.

Mkewe aliacha kusukuma kigari. Hakunyoosha mikono.

"Mpokee," Muhuri alisema. "Ni wako huyu. Ulipaswa kuwa wa kwanza."

"Ngoja kidogo."

"Mbona humchukui?"

Mkewe alikuwa akimtazama yeye, si mtoto, na machozi yalikuwa yakimtiririka bila yeye kuyafuta.

"Wote watatu niliwashika mwenyewe," alisema. "Ukiacha kwenye simu, sijawahi kukuona na mtoto mchanga mikononi hata siku moja. Mshike hivyo hivyo. Ngoja nikuangalie."

Wasafiri waliwapita huku na huku na mizigo yao, mmoja akaomba njia. Muhuri alimrudisha mtoto kifuani, akasimama, akaangaliwa.